Kutoka KIA hadi Seattle: mama wa miaka 68 atakaa njiani saa ngapi hasa? Naombeni ushauri

KijanaWaPasua (mleta uzi)

Wakuu habari za wakati huu, na kwa wakubwa wote shikamooni.

Dada yangu anaishi Kent, pembeni ya Seattle, kule Marekani. Mwezi wa tano amejifungua mapacha, na mama yetu amepata viza ya kwenda kumsaidia kulea. Mama ana miaka 68, ana presha na anameza dawa kila siku, magoti yanamsumbua, na lugha anazozijua ni Kichaga na Kiswahili. Hajawahi kupanda ndege. Atakwenda peke yake, maana nauli ya watu wawili hatuiwezi.

Wakala ametupa njia tatu, zote za mwisho wa mwezi wa saba, siku ya Jumatano.

Ya kwanza inapita Doha. Anaondoka KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) saa 11:10 jioni, anafika Doha saa 4:50 usiku, analala hapo uwanjani, anaondoka Alhamisi saa 2:00 asubuhi na kufika Seattle Alhamisi hiyo hiyo saa 6:45 mchana.

Ya pili inapita Amsterdam. KIA saa 2:30 usiku, Amsterdam saa 1:05 asubuhi, anaondoka tena saa 4:20 asubuhi, Seattle saa 5:45 asubuhi.

Ya tatu inapita Addis Ababa, halafu Washington DC, halafu Seattle. KIA saa 11:30 jioni, Addis saa 1:50 usiku, anaondoka Addis saa 4:50 usiku, Washington saa 2:50 asubuhi, anaondoka Washington saa 7:00 mchana, Seattle saa 9:45 alasiri. Hii ni nafuu kuliko zile mbili kwa kama laki nane, na kwetu laki nane si pesa ndogo.

Sasa mimi nikihesabu ile ya kwanza napata saa 19 na nusu. Ya pili napata saa 15 na robo. Mtandaoni nimeandika KIA hadi Seattle nikaambiwa ni saa 16 za kuruka. Dada anasema hapana, ni zaidi ya siku nzima. Mama kila jioni ananiuliza atakaa angani muda gani, na mimi sina jibu la kumpa. Naombeni msaada, nimwambie nini na tuchukue njia ipi?

Mwalimu_Tufe

Kijana, hongereni kwa mapacha. Dada yako yuko sahihi, na nitakuonyesha kosa lilipo ili hata safari ya kurudi uweze kuihesabu mwenyewe.

Saa zinazoandikwa kwenye tiketi ni za mji wenyewe. Ya kuondoka ni saa ya Moshi, ya kufika ni saa ya Seattle. Ukizitoa moja kwa moja unakuwa umetoa vipimo viwili tofauti. Kwanza zigeuze zote ziwe saa za Moshi. Mwezi wa saba Seattle iko nyuma yetu kwa saa 10.

Njia ya Doha: saa 6:45 mchana ya Seattle, ongeza 10, kwetu ni saa 4:45 usiku Alhamisi. Kutoka Jumatano saa 11:10 jioni hadi Alhamisi saa 11:10 jioni ni saa 24. Kutoka hapo hadi saa 4:45 usiku ni saa 5 na dakika 35. Jumla saa 29 na dakika 35.

Njia ya Amsterdam: saa 5:45 asubuhi ya Seattle kwetu ni saa 3:45 usiku. Jumla saa 25 na robo.

Njia ya Addis na Washington: kwetu itakuwa saa 7:45 usiku wa kuamkia Ijumaa. Jumla saa 32 na robo.

Zile saa 16 za mtandaoni zinatokana na kugawanya tu. Mstari mfupi kabisa kutoka KIA hadi Seattle ni kama kilomita 14,700, na ndege kubwa ya abiria inakwenda karibu kilomita 900 kwa saa. Gawanya, unapata 16 na kidogo. Lakini ndege ya kuruka moja kwa moja kutoka KIA hadi Seattle haipo. Safari ndefu kuliko zote za abiria zisizotua njiani ni ile ya Singapore hadi New York, kama kilomita 15,300, na inachukua zaidi ya saa 18. Kwa hiyo mama anakwenda umbali unaokaribia ule.

Shanga_la_Pemba

Mwalimu, samahani, nina suali. Mimi nikitazama ramani ya ukutani, Seattle iko mwisho kabisa wa magharibi, ukivuka Atlantiki na Marekani nzima. Amsterdam iko juu huko kaskazini. Mtu anayekwenda magharibi anapelekwa kaskazini kwa nini? Si kumzungusha huko?

Mwalimu_Tufe

Swali zuri sana, na jibu lake ndilo ninalolipenda kuliko yote katika somo hili.

Chukua tufe la dunia. Huna tufe, chukua chungwa kubwa na kalamu. Weka nukta ya Kilimanjaro karibu na mstari wa Ikweta. Weka nukta ya Seattle upande wa pili, juu kidogo ya katikati ya Ikweta na ncha. Sasa vuta uzi kati ya nukta hizo mbili mpaka ukaze. Uzi hautapita katikati ya Atlantiki. Utapanda juu, upite Ulaya, ukaribie barafu ya Greenland, kisha ushuke Kanada. Ramani ya ukutani imelilaza chungwa likawa karatasi, ndiyo maana macho yanadanganyika.

Kwa safari hii hasa kuna jambo la ajabu. KIA hadi Amsterdam ni kama kilomita 6,900. Amsterdam hadi Seattle ni kama 7,840. Jumlisha: 14,740. Ni karibu sawa na ule mstari mfupi kabisa! Amsterdam imekaa juu ya uzi. Kupita Doha ni kama 15,450, kwa sababu unaanza kwa kwenda mashariki. Na kutoka Doha ndege inapanda kuelekea Ncha ya Kaskazini na kushukia upande wa pili wa dunia, kama kilomita 11,900 bila kutua. Kupita Addis na Washington ni kama 16,650.

Mzee wa Machame

Mwalimu umefafanua vizuri, ila niongeze kitu ambacho karatasi haionyeshi. Mimi nimepanda ndege ya Amsterdam kutokea KIA mara mbili. Mara zote mbili tulishuka kwanza Dar. Abiria wa Dar wakapanda, sisi tukabaki vitini karibu saa moja na zaidi, ndipo safari ya Ulaya ikaanza. Kijana, muulize wakala kama ya mama nayo iko hivyo. Saa unazozitaja zinaonyesha hivyo, maana KIA hadi Amsterdam moja kwa moja haiwezi kumaliza saa 11 na nusu.

Mwambieni mama mapema. Mtu asiyezoea, ndege ikitua baada ya saa moja atadhani amefika, ataanza kushusha mkoba wake.

Mwalimu_Tufe

Ahsante Mzee, hapo umenisahihisha kwa haki. Ukianza kwa kushuka Dar ni kama kilomita 450 za kwenda upande usiotakiwa, na Dar hadi Amsterdam ni kama 7,340. Kwa hiyo njia ya pili inakuwa kama kilomita 15,600, ndefu hata kuliko ya Doha! Na bado inafika kwa muda mfupi zaidi. Hebu tazameni saa za kuruka peke yake: ya Doha ni saa 20 na dakika 25, ya Amsterdam ni kama saa 20 na dakika 45. Tofauti haifiki nusu saa. Saa nne na zaidi ambazo Doha inazidi ni za kukaa chini uwanjani, si za angani.

KijanaWaPasua

Nimemuuliza wakala, ni kweli inapita Dar. Ahsante Mzee. Na mwalimu, chungwa nimelifanya kweli, mama akiwa anatazama. Amelishika muda mrefu. Kumbe hata yeye alikuwa anadhani atavuka bahari tupu siku nzima.

MkambaMsafiri

Hamjambo majirani. Kwa nini msifikirie Nairobi? Kenya Airways ina ndege ya moja kwa moja hadi New York, ilianza tarehe 28 Oktoba 2018. Ni kama kilomita 11,850, kwenda kama saa 15, kurudi ni chini kidogo kwa kuwa upepo wa juu unasukuma kutoka magharibi. Kutoka Moshi hadi Nairobi ni shuttle tu kupitia Namanga.

Wakala_Mstaafu

Ndugu yangu wa Kenya, kwa kijana wa miaka 30 ushauri wako ni mzuri. Kwa mama huyu hapana, na sababu ni hiyo hiyo inayoniondolea njia ya tatu kabisa. Nimekata tiketi miaka mingi, naomba mnisikilize hapa.

Ukiingia Marekani, uhamiaji unapita kwenye uwanja wa kwanza unaotua. Kwa njia ya Doha au Amsterdam, uwanja huo ni Seattle yenyewe. Mama akitoka na mabegi yake, binti yake yuko nje ya mlango. Kwa njia ya Washington au New York, mama anapita uhamiaji huko, anachukua mabegi yake mwenyewe kwenye mkanda, anapita forodha, anayakabidhi tena, anakaguliwa upya, halafu anatafuta geti la ndege ya ndani. Haya yote kwa Kiingereza, baada ya saa 17 za kukaa. Na ile ya Addis hukaa muda huo wote kwa sababu uwanja wa Addis uko juu sana, zaidi ya mita 2,300, hewa ni nyepesi, ndege haiwezi kuruka na mafuta mengi pamoja na mzigo wote. Ikielekea Marekani hutua mahali kuongeza mafuta. Nako pia mama atadhani amefika.

Shirika lenyewe ni zuri, sina neno nalo. Ila laki nane mtakayookoa mtailipa kwa wasiwasi wa siku nzima, na mama ndiye atakayeubeba.

Mambo mengine ya kudai kwa wakala wako. Safari yote iwe kwenye tiketi moja, namba moja ya kumbukumbu. Akichelewa kuunganisha, shirika lina wajibu wa kumtafutia ndege nyingine. Ukinunua vipande viwili tofauti kwa kuwa ni rahisi, akikosa cha pili ni hasara yenu. Pili, ombeni kiti cha magurudumu sasa hivi, kabla ya siku ya safari. Ni bure. Msione aibu kwamba mama anatembea. Anayesukuma kiti ndiye atakayempeleka mpaka geti, ndiye atakayempitisha ukaguzi, na hapo ndipo lugha inapokuwa si tatizo tena. Tatu, KIA hakikisheni tagi ya begi imeandikwa SEA, yaani Seattle.

Mwana_Bukavu

Jambo wote. Mimi naishi upande huo huo wa Kent, na mama yangu alikuja kwa kupitia Ulaya. Sisi wenye pasipoti ya Kongo tunadaiwa viza hata ya kupita uwanjani Ulaya, lakini mwenye viza ya Marekani ambayo bado haijaisha muda anasamehewa. Ninyi wa Tanzania hamko kwenye ile orodha, lakini angalieni tarehe za viza vizuri.

Kitu kilichomtesa mama yangu si urefu wa ndege. Ni maswali. Ndege zinazokwenda Marekani wana usalama wao wa ziada karibu na geti. Wanauliza nani alifunga begi, unakwenda kwa nani, utakaa siku ngapi. Mama alinyamaza kwa kuwa hakusikia kitu, wakamtoa pembeni, akaanza kulia. Walikuwa watu wema, walitafuta mtu wa Kiswahili kwa simu, lakini yeye hakujua wanatafuta nini.

Andikeni karatasi kwa Kiingereza: mimi nasema Kiswahili tu, nakwenda kwa binti yangu, anwani hii, simu hii, dawa zangu ni hizi. Nakala mbili. Moja kwenye mkoba, moja kwenye pasipoti. Mama wa mwenzangu alikuja mwaka uliofuata na karatasi kama hiyo, akapita vizuri.

KijanaWaPasua

Pole sana ndugu yangu kwa yaliyompata mama. Karatasi naiandika leo.

Nesi_Upendo

Naomba niseme kuhusu hizo saa 20 za kukaa, kwa sababu kwa mgonjwa wa presha ndizo muhimu kuliko kilomita.

Kukaa muda mrefu bila kusogeza miguu kunafanya damu itembee polepole kwenye mishipa ya miguu, na inaweza kuganda. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya kukaa saa 4 au zaidi huongeza hatari hiyo karibu mara mbili. Kwa mtu mzima mwenye afya bado ni hatari ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Lakini umri ukiongezeka, na uzito, na upasuaji wa karibuni, hatari inapanda. Kwa hiyo mama amwone daktari wake wiki mbili kabla, aulize na kuhusu soksi za kubana. Ndani ya ndege akanyage na kuinua visigino kila saa, atembee kwenye kijia kila anapoamka, anywe maji. Mchagulieni kiti cha kando ya kijia ili asione haya kuwapita watu. Wamama wetu wengi hawanywi maji safarini kwa kuogopa choo, na hilo ni kosa. Mwonyesheni kabisa picha ya choo cha ndege na jinsi ya kufunga mlango.

Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Muda wa kumeza, mwulizeni daktari awaandikie kwa saa za Moshi mpaka atakapofika, kisha dada ndiye atamsogeza polepole kwenye saa za huko.

Na kuhusu hewa, asihofu. Ndani ya ndege hewa huwa kama ya mlimani, haizidi ile ya mita 2,400, na ndege mpya kama Boeing 787 na Airbus A350 huweka kama ya mita 1,800. Hiyo ni kama kukaa pale lango la Marangu la kupandia Mlima Kilimanjaro. Mama wa Kichaga ameshaizoea.

Shanga_la_Pemba

Nesi umenifurahisha kwa hilo la lango.

Kijana, na mimi nina langu moja. Angalieni usiku! Mamaangu mdogo aliachwa na ndege Dar kwa sababu tiketi iliandikwa tarehe 15, saa nane usiku. Yeye akaenda uwanjani usiku wa tarehe 15, ndege ilishaondoka usiku wa kuamkia tarehe 15. Kwa hesabu za wengi wetu usiku hufuata mchana wake, kwa hesabu zao siku inaanza saa sita ya usiku. Zenu zote ni za jioni, kwa hivyo kwenda hakuna shida, lakini tiketi ya kurudi itazameni kwa macho mawili.

Mwalimu_Tufe

Na hapo saa yetu ya Kiswahili inasaidia. Mama akiwa Seattle mwezi wa saba, ukitaka kujua kwake ni saa ngapi, chukua saa ya Moshi, ongeza mbili, kisha geuza usiku kuwa mchana. Moshi saa 2 usiku, Seattle saa 4 asubuhi. Moshi saa 2 asubuhi, kule ni saa 4 usiku wa jana yake. Jumla ikizidi 12, toa 12 na usigeuze. Mama hahitaji kujua zaidi ya hapo.

KijanaWaPasua

Mrejesho wakuu. Tulichukua njia ya Amsterdam, tukajazia ile tofauti kwa mchango wa shangazi na kaka wa Arusha. Mama amefika juzi. Dar alibaki kwenye kiti kama Mzee wa Machame alivyosema. Amsterdam alisukumwa na binti mmoja mpaka geti, akatoa karatasi kabla hajaulizwa. Dada anasema alitoka mlangoni Seattle akiwa na mkoba mapajani na chungwa mkononi, nami nikadhani ni lile lenye nukta za kalamu, maana alilibeba. Ilibidi walitupe kwenye forodha? Hapana, alilimenya na kulila ndani ya ndege alipoambiwa matunda mabichi hayaingii, ganda akaliacha kwa mhudumu. Kumbe alilokuwa nalo mkononi ni la kitambaa, la kuchezea, alilopewa na mhudumu kwa ajili ya mapacha.

Sasa anaamka saa nane usiku kila siku na kuanza kupika, dada hana la kufanya.

Swali langu la mwisho: anarudi tarehe 20 mwezi wa 11. Bado ni saa 10 za tofauti?

Mwalimu_Tufe

Hapana, itakuwa 11. Wao hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, na Ulaya Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sisi hatugusi. Kwa hiyo badala ya kuongeza mbili, ongeza moja na ugeuze. Na Amsterdam itakuwa nyuma yetu kwa saa mbili, si moja kama mwezi wa saba. Tuma saa za tiketi hapa tuzihesabu pamoja.

Nesi_Upendo

Kuamka saa nane usiku ni kawaida, mwili unajirekebisha kama saa moja kwa siku. Dada amtoe nje juani asubuhi na jioni, asimwache alale mchana kutwa. Akirudi Moshi itakuwa ngumu zaidi kidogo, kuja mashariki mwili unakataa kuliko kwenda magharibi. Mpeni wiki mbili kabla hamjamwita kwenye harusi ya mtu.